Kujiandaa na intavyu ya kazi ukiwa Lamu: mwongozo kamili, toka simu ya kuitwa mpaka karatasi ya kusaini

Huku kwetu Lamu vijana wengi wanakosa kazi na kazi yenyewe wanaiweza. Mtu ameendesha boti la wageni miaka, ameandika hesabu za duka la baba yake tangu yuko sekondari, ameongoza watalii Mji wa Kale mpaka kila ukuta anaujua, alafu akiingia chumba cha intavyu akiulizwa amefanya nini anainamisha kichwa anasema "nimesaidiasaidia tu". Amelelewa hivo, kujisifu ni aibu. Na paneli, wale wanaomhoji, haina njia nyengine ya kumjua isipokuwa yale maneno yake. Kwa hivo mwongozo huu nimeupa uzito mkubwa hapo, kwenye kuandaa maneno ya kusema ulichofanya bila kuvunja heshima yako. Mengine nayo yamo, karatasi, safari, nguo, mshahara, lakini hayo ni mepesi ukilinganisha.

Nimekaa na vijana wengi siku chache kabla ya intavyu zao, wa hoteli, wa kaunti, wa mashirika ya mazingira, na haya ndo tunayofanya, kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: simu ikilia, andika

Usikubali kukata simu na furaha tupu. Chukua kalamu uulize siku gani, saa ngapi, wapi hasa, ulete karatasi gani original, kuna mtihani wa kuandika au wa vitendo, na jina la anayekupigia. Ukiambiwa saa nane uliza asubuhi ya kizungu au mchana wa kwetu, manake barua inaweza kusema 8:00 a.m. na hiyo ni saa mbili asubuhi, na kuna watu wamefika mchana wamekuta viti vimeshapangwa ukutani. Pia "ofisi ya kaunti" haitoshi, ofisi nyingi za kaunti ziko Mokowe lakini si zote, zipo zilizo Amu, yaani mji wa Lamu wenyewe kisiwani, na kati ya hapo na pale kuna bahari.

Kama aliyekupigia anataka utume pesa kidogo ya "kufungua faili" au ya "medical" kabla hujaonana na mtu, hiyo si kazi. Ofisi ya serikali haitozi mtu pesa ya intavyu. Na nyinyi mnaotafuta kazi za Ghuba kupitia ajenti, ajenti wa haki lazima awe amesajiliwa na National Employment Authority, ile iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016, mwambie akupe namba yake ya usajili ukaihakikishe kabla hujampa hata fotokopi ya pasi yako.

Hatua ya 2: lirudie lile tangazo

Wengi wakishatuma maombi tangazo wanalifuta kwa simu. Litafute tena, lipige printi hapo saiba. Lile tangazo ndo mtihani wenyewe umevuja, manake paneli inatunga maswali kutoka kwenye ile orodha ya majukumu. Chukua daftari, chora mstari katikati ya ukurasa, kushoto andika kila jukumu kama lilivoandikwa, kulia andika siku moja ya kweli ambayo ulifanya kitu kama hicho. Siku moja, tukio moja, sio "nina uzoefu".

Ukikuta jukumu ambalo huna cha kuandika upande wa kulia, usilipite. Hilo ndo wataliuliza. Andika umewahi kufanya kitu gani cha karibu nalo, na unaanza kujifunza vipi saa hii. Kama tangazo linataka Excel na hujaigusa toka chuoni, siku tano zinatosha kukaa na rafiki akakufundisha kujumlisha safu na kupanga orodha, na ukiulizwa ukasema "wiki hii nimekuwa nafanya mazoezi, naweza kufanya hiki na hiki, kile bado", mtu mzima anakuelewa vizuri kabisa.

Hatua ya 3: jua nyumba unayobishia hodi

Kazi ya kaunti ina mambo yake na hayabadiliki sana. Kaunti ya Lamu ina maeneo bunge mawili, Lamu Mashariki na Lamu Magharibi, na wadi 10. Jua wadi zote kwa majina, mpaka Basuba na Kiunga, sio zile za karibu na kwenu pekee. Soma Katiba ya 2010 sehemu hizi: Kifungu cha 10 cha maadili ya taifa, Sura ya Sita ya uongozi na uadilifu, Kifungu cha 232 cha maadili ya utumishi wa umma, na ile Jedwali ya Nne inayogawa kazi za serikali kuu na za kaunti, upande wa kaunti kuna mambo 14. Hizi zinaulizwa mno. Alafu tafuta ule mpango wa maendeleo wa kaunti wa 2023 mpaka 2027, watu wanauita CIDP, ni mrefu lakini wewe soma sura ya idara unayoiomba pekee.

Lakini kukariri peke yake hakukufikishi popote. Ukiulizwa Kifungu cha 232 kinasema nini na wewe umeomba kazi ya karani wa hospitali, taja mawili matatu alafu lete mpaka kwenye dirisha la usajili: kutoa huduma bila upendeleo maana yake mama aliyetoka Kiangwe alfajiri apewe namba yake ile ile hata kama ndugu yangu amekuja nyuma yake. Hapo paneli inajua umeelewa.

Bandari nayo, wengi mnaomba huko. Ile bandari ya Kililana iko chini ya Kenya Ports Authority, ni sehemu ya LAPSSET, ule mradi mkubwa wa bandari, barabara na reli uliozinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Jua LAPSSET inaunganisha nchi gani, Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia, na jua wavuvi wamekuwa na malalamiko gani kuhusu maeneo yao ya kuvulia, manake ukiomba kazi ya kushughulika na jamii hilo halina pa kukwepea.

Hoteli za Shela na Amu, ingia mtandaoni usome wageni wameandika nini, wamesifu nini, wamelalamikia nini. Ukikuta watatu wamelalamika kuwa kiamsha kinywa kinachelewa, ushapata cha kuzungumza bila kulitaja kwa ubaya. Mji wa Kale uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mgeni atakuuliza kwa nini, basi meneja naye anaweza kukuuliza.

Hatua ya 4: karatasi, na hasa majina

Kitambulisho, vyeti vya shule na chuo, PIN ya KRA, barua za kazi za zamani, CV iliyo sawa na ile uliyotuma. Kama umeombwa vyeti vya Sura ya Sita andaa mapema: good conduct ya polisi, tax compliance ya KRA kuwa hudaiwi kodi, HELB ya mkopo wa chuo, CRB ya madeni ya benki na ile fomu ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi. Good conduct unaombea eCitizen, shilingi 1,000 na 50 juu ya huduma, unapiga printi ile fomu alafu unaenda kuchukuliwa alama za vidole, na majibu hayaji siku ile ile, kwa hivo ukingoja uitwe ndo uanze umechelewa. Kazi za jikoni na weita nazo zataka ile medical ya washika chakula ambayo ni ya miezi sita, angalia yako haijakufa.

Sasa kitu kinachotusumbua sisi watu wa pwani kuliko wengine wote: majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Muhammad, KCSE inasema Mohamed, kitambulisho kinasema Mohammed. Dada ni Fatma kwa shule na Fatuma kwa kitambulisho. Au shuleni uliandikwa jina la babu na kwenye kitambulisho likaachwa. Paneli ya serikali ikiona hivo inasimama, na wewe unaanza kujieleza badala ya kujibu maswali ya kazi. Panga karatasi zako zote mezani leo, soma herufi kwa herufi. Zikitofautiana nenda kwa wakili au kwenye mahakama ya Lamu uape kiapo kuwa majina yote hayo ni ya mtu mmoja, uweke nakala mbili kwenye faili, na ukiwasilisha karatasi itoe mwenyewe kabla hawajauliza.

Marefarii pia wapigie simu. Mwalimu wako wa zamani apigiwe na HR bila habari aanze "nani? hebu nikumbushe", hapana. Mwambie kazi gani, lini, na umkumbushe mambo mawili uliyofanya ukiwa chini yake.

Hatua ya 5: andaa matukio yako, hapa ndo penyewe

Kaa chini utulie. Ile safu ya kulia ya daftari lako ndo mali yako. Chagua matukio sita mazuri: moja la kugombana na mtu mkapatana, moja la kazi kubwa na muda mdogo, moja la kitu kilichoharibika ukakitengeneza, moja la pesa au mali uliyoaminiwa, moja la kufundisha au kuongoza wenzako, na moja ambalo halikwenda vizuri. Hayo sita yanajibu karibu kila swali la paneli, ni kuyageuza tu upande.

Kila tukio lisimulie hivi: hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa ufanye nini, ulifanya nini hasa, na mwisho kukawa nini. Sehemu ya tatu ndo iwe ndefu. Watu wengi wanamaliza pumzi kwenye kueleza hali ilivokuwa mbaya, wakifika "nilifanya nini" wanasema "tukasolve" basi.

Nkupe mfano. Binti wa Kizingitini ameomba kazi ya afisa msaidizi wa uvuvi. Anaambiwa "tuambie kuhusu wewe". Jibu linalokuja mdomoni ni hili: naitwa fulani, nimezaliwa Kizingitini, mtoto wa nne, nimesoma hapa na pale, napenda kusoma na kutembea. Hayo yote yako kwenye CV. Sasa tulia usikilize hili jengine:

"Nina diploma ya uvuvi, na miaka mitatu iliyopita nimekuwa karani wa rekodi kwenye BMU yetu, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo. Asubuhi vyombo vikirudi mimi ndiye nilikuwa napima, kamba mbali, pweza mbali, samaki mbali, naandika jina la chombo, kilo na bei. Nilipoingia lilikuwa daftari moja kila mtu anaandika, na kurasa zinalowa maji ya chumvi. Nikaligawa, daftari la pwani na daftari safi la ofisini, na kila jioni nikapiga picha kurasa za siku ile nikawatumia viongozi. Mvuvi akija kusema amepunjwa tunafungua picha, tunaona, yanaisha. Kazi mliyotangaza ni ile ile, ila ni sehemu nyingi badala ya moja, na ningependa kuona sehemu zote zinaandika namna moja."

Hakujisifu hata kidogo. Hakusema yeye ni mchapakazi wala hodari wala ana bidii. Amesema alichofanya, paneli ikajaza yenyewe. Hiyo ndo njia ya mtu aliyelelewa na adabu kuzungumza kuhusu kazi yake, unasimulia kitendo na sifa unawaachia wao.

Na angalia alivotumia "mimi". Sisi tumezoea "tulifanya", ni vizuri kwa jamaa, lakini paneli haiajiri kundi. Sema "tulikuwa watano, mimi kazi yangu ilikuwa hii". Umewataja wenzako na umejitaja, hakuna aliyedhulumiwa.

Mfano mwengine, kijana wa risepsheni, ameulizwa siku mgeni alipokasirika. "Mgeni alifika Shela magharibi ishaingia, akakuta begi lake moja limebaki kwenye jeti ya Manda upande wa ndege. Ndani kulikuwa na dawa zake. Nilimuuliza kwanza dawa anatakiwa kunywa saa ngapi, akasema saa tatu, kwa hivo nikajua muda nilionao. Nikampigia nahodha, akasema aweza kurudi. Nikamwambia mgeni nusu saa, sikumwambia sasa hivi. Nikamkalisha barazani na juisi ya ukwaju, na kila dakika kumi nikarudi kumwambia boti limefika wapi. Begi likaja. Kesho yake nikamwomba meneja tuwe tunahesabu mabegi pamoja na mgeni kabla boti halijaondoka Manda, na ndo utaratibu mpaka leo." Lile swali la dawa saa ngapi ndo lililomfanya aajirike. Mambo madogo kama hayo unayo wewe pia, yamelala tu, yaamshe.

Wale mnaosema "mie sijawahi kuajiriwa sina cha kusema": umesimamia harusi ya watu mia nne, nani alipanga vyakula? Umefundisha madrasa? Umeweka hesabu ya chama cha kina mama? Umeandaa mashindano ya mpira ya mtaa? Umesimamia ujenzi wa nyumba ya mamako, mawe na saruji zikija kwa punda na wewe unahesabu? Ni kazi zote hizo, zina pesa, watu na muda ndani yake.

Lile tukio la kuharibikiwa lichague vizuri. Liwe la kweli, liwe limekwisha, na uweze kusema ulibadilisha nini baada yake. Usilete la kumlaumu bosi wa zamani. Huyo bosi pengine anakunywa kahawa na mmoja wa paneli jioni hiyo hiyo, mji wetu ni mdogo.

Hatua ya 6: maswali yanayouma

"Udhaifu wako ni upi?" Usiseme nafanya kazi kupita kiasi, wamelisikia mpaka wamechoka. Taja kimoja cha kweli kisichoua kazi yenyewe na unachofanya kukirekebisha. Mfano, naona tabu kukatalia watu, nikajipa dawa ya kuandika kazi zote asubuhi, mtu akileta nyengine namuonyesha orodha tupange pamoja.

"Kwa nini ulikaa miaka miwili bila kazi?" Sema ukweli kwa sentensi mbili, nilikuwa nauguza mzazi, hoteli ilifunga, nilikuwa nalea, alafu ingia kwenye ulichofanya wakati huo.

Kuna maswali hawafai kuyatumia kukupima. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa ujauzito, dini, kabila, ulemavu, hali ya ndoa na kadhalika, hata wakati wa kuajiri. Wakikuuliza "utazaa lini" au "mumeo atakubali ufanye kazi usiku" huna haja ya kugombana, jibu lile lililo chini ya swali: "ratiba ya zamu nimeisoma na naiweza". Kama wameendelea kukandamiza hapo hapo, umejua kitu kuhusu mahali penyewe.

Hatua ya 7: sema kwa sauti

Kusoma majibu kichwani si mazoezi. Mdomo lazima uyajue. Jirekodi kwa simu ukijibu, usikilize, ukikuta umezidi dakika mbili punguza. Tafuta mtu mmoja anayekupenda na mmoja asiyekuonea haya, waketi mbele yako wakuulize bila mpangilio, wewe ukae kwenye kiti na viatu vyako vya siku ile. Fanya hivi jioni tatu tofauti, usifanye usiku mmoja wa mwisho.

Intavyu nyingi zitakuwa Kiingereza. Fanya mazoezi yako kwa Kiingereza chako wewe, sentensi fupi, usitafute maneno makubwa ya kukariri yakakutoroka katikati. Ukikwama neno, liseme kwa Kiswahili kwa utulivu uendelee. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii kwa Katiba, Kifungu cha 7, hakuna aibu yoyote. Ninaowaona wakiumia ni wale wanaonyamaza sekunde ishirini wakitafuta neno moja.

Hatua ya 8: safari, na uangalie maji

Ukitoka Amu kwenda Mokowe ni rahisi, boti zipo, wewe toka mapema ufike nusu saa kabla. Lakini ndugu zangu wa Faza, Kizingitini, Siyu, Pate, mnajua Mkanda, ule mlango wa maji mwembamba, ulivo. Maji yakikupwa boti la abiria halipiti, mnangoja au mnazunguka nje. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa kawaida maji yanakupwa mida ya saa nne saa tano asubuhi, na hizo ndo saa paneli nyingi ziko kazini. Ukipewa tarehe tu hesabu mwezi, muulize nahodha au mzee yeyote mvuvi maji ya siku hiyo yakoje. Likiangukia bamvua lala Amu siku ya kabla, kwa shangazi, kwa rafiki, kwa yeyote. Kusi likivuma nalo lina yake, vyombo vinachelewa. Na kama tarehe iko wiki ya Maulidi, mji unajaa, omba pa kulala mapema.

Wanaotoka Malindi au Mombasa, ile njia ya Garsen na Witu ina vizuizi na ukaguzi, usipange kufika asubuhi ya intavyu. Kitambulisho kiwe mfukoni sio ndani ya begi lililo buti ya basi.

Karatasi zote ziwe ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa, alafu ndani ya begi. Spidi boti linarusha maji, na cheti cha KCSE kikilowa ni tabu kupata chengine. Vaa nguo ya safari, ile ya intavyu ikunje vizuri ubadilishe ukishafika nchi kavu, au jifunike leso mpaka ushuke.

Hatua ya 9: nguo

Safi, imepigwa pasi, inakukaa. Shati la mikono mirefu na suruali, viatu vya kufunika. Kina dada buibui safi na mtandio usiokuhangaisha kila dakika, au gauni la heshima. Kwa ofisi za hapa hijabu haina shida yoyote. Kazi ya boti au ya shamba vaa usafi wa kawaida, hakuna anayetaka kukuona na suti kwenye ngazi ya jeti. Udi na manukato punguza, chumba ni kidogo na watu ni wengi.

Hatua ya 10: ndani ya chumba

Bisha, ingia, toa salamu moja kwa wote ikiwa wazi na kwa sauti, ngoja uambiwe keti. Usizunguke kupeana mikono na kila mtu kama hawakuanza wao. Kama hushikani mkono na mtu asiye maharimu wako, weka mkono kifuani utabasamu uiname kidogo, hapa kwetu kila mtu anaelewa na hata wa bara ataelewa ukifanya bila kubabaika.

Pengine kwenye meza utamkuta mtu wa mtaa wenu, au mjomba kabisa. Usimwite mjomba. Ni mwenyekiti, ni bwana, ni madam, kama wengine. Yeye ndiye mwenye wajibu wa kusema kuwa mna udugu, wewe jibu maswali yake kama ya mtu usiyemjua. Na usimpigie simu usiku wa kabla. Matangazo ya serikali yanasema wazi kuwa anayetafuta kupendelewa anaondolewa, na hata usipoondolewa utaingia kazini kila mtu akijua ulivoingia.

Macho sasa. Sisi tumefunzwa kutomkazia macho mkubwa. Mtazame anayeuliza wakati anauliza, ukijibu gawa macho kwa wote, huna haja ya kumkodolea mtu. Sauti yako imfikie aliye mwisho wa meza. Swali hujaelewa? Omba arudie. Unahitaji kufikiri? Sema "nipe kidogo nifikirie", alafu fikiria kweli. Hujui jibu? "Hilo silijui, ningelitafuta kwa njia hii." Uongo mmoja ukigundulika unafuta majibu kumi mazuri.

Usiseme kamwe "ntafanya kazi yoyote mtakayonipa". Najua unasema kwa unyenyekevu na shida iko nyumbani, lakini wao wana nafasi moja yenye jina, waambie kwa nini hiyo.

Wakikuuliza kama una swali, uwe nalo. Hoteli uliza mkataba ni wa msimu au wa mwaka mzima, manake kuanzia Aprili mpaka Juni mvua na uchache wa wageni unafanya baadhi zifunge, uliza pia zamu ya usiku kuna boti la kurudisha wafanyakazi au malazi. Kwengine uliza miezi mitatu ya kwanza wangependa kuona nini kimefanyika.

Mshahara: kaunti na serikali viwango vimepangwa, Tume ya Mishahara, SRC, ndo inaweka, hakuna la kujadili zaidi ya kuthibitisha ngazi. Kwa watu binafsi uliza wanaofanya kazi kama hiyo wanalipwa ngapi kabla hujaenda, uwe na kiwango cha chini ambacho hushuki, na utaje kutoka hapa mpaka hapa. Usianze wewe kuitaja pesa.

Ikiwa ni ya Zoom

Jaribu mtandao siku ya kabla saa ile ile, chumba kile kile. Nyumba za mawe zina kuta nene, pengine dirishani au juu darini ndo pana netwaki. Weka bando la kutosha, chaji simu na pawabanki, iegemeze kwenye vitabu ifike usawa wa macho, mwangaza uwe mbele yako. Jina la Zoom liwe lako kamili. Angalia saa za adhana, ukiona itaingia katikati waambie mwanzoni kuwa mtasikia sauti ya msikiti kwa dakika chache, na waambie watoto wa nyumba wasicheze ukumbini.

Baada ya kutoka

Kabla hujapanda boti andika maswali yote waliyouliza, na lipi lilikukwama. Siku ya pili tuma ujumbe mfupi wa shukrani kama una barua pepe yao. Walisema wiki mbili, ngoja wiki mbili, alafu uliza mara moja kwa adabu. Ukikosa, omba kwa upole wakuambie ulipungukia wapi, wengine watajibu, na yale maswali uliyoandika ni mazoezi ya intavyu ijayo.

Ukipata usisaini siku ile ile kwa furaha. Rudi nayo nyumbani usome. Muda wa majaribio kwa sheria hauzidi miezi sita, na ukiongezwa kwa kukubaliana jumla haipiti miezi 12. Likizo ya mwaka isipungue siku 21 za kazi zenye malipo. Angalia NSSF ya akiba ya uzeeni na SHA ya matibabu zimetajwa, saa za kazi zimeandikwa, siku ya off imeandikwa, na kama uliahidiwa malazi au boti kwa mdomo iwe kwenye karatasi. Kama haimo waulize waiongeze kwanza, alafu chukua nakala yako iliyosainiwa na pande zote mbili uitie kwenye ule mfuko wa plastiki.